Mabao ya Bei ya Zamani

Hivi nchi hii kuna saluni ya kiume ambayo mtu anaingia, ananyolewa, anatoka? Kinyozi keshafika nusu ya kichwa, dogo mmoja kwenye benchi la kusubiri anatamka kwamba Haaland ndiye straika mkali kuliko wote waliowahi kuvaa njumu, basi, mashine inazimwa. Nusu ya kichwa ni ya leo, nusu ni ya mwezi uliopita, na mwenye mashine kakugeuzia mgongo anamtetea Gerd Müller. Mzee wa pembeni anakunja gazeti: "Nyie watoto, Pelé mnamjua?" Hapo ujue umelipia nywele, unapewa semina.

Na semina yenyewe haina hata kikokotoo. Kile cha simu nasema. Kile cha mafao kina ubishi wake na saluni yake. Watu wanarushiana namba kama wapiga debe: huyu 1,283, yule 900, huyu 365. Hakuna anayeuliza za mechi ngapi, za mashindano gani, penalti zimo ngapi. Mtu huyohuyo ukimwambia babu yake alinunua ng'ombe kwa shilingi mia kadhaa, anaelewa papo hapo kwamba shilingi ile siyo hii ya sasa. Ila bao la 1954 na bao la 2022 anayatia mfuko mmoja, anafunga kamba, anakuuzia.

Bao lina bei, jamani, na bei yake hupanda na kushuka. Kombe la Dunia la 1954 kule Uswisi, mechi 26 zilitoa mabao 140. Wastani 5.38 kwa mechi. Ukitoka kununua karanga ukirudi umekosa mawili. Italia 1990, mechi 52, mabao 115, wastani 2.21, na pale hata ungeenda kununua shamba ungerudi ukakuta bado. Beki anamrudishia kipa, kipa anadaka, anampa beki, beki anamrudishia, kama watoto wanaosukumiana nani aende dukani. Ndiyo maana 1992 ikaja sheria ya kumkataza kipa kudaka pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Sasa wewe uniwekee mabao ya Uswisi na mabao ya Italia kwenye mzani mmoja, kisha unaniita mbishi.

Hesabu ni nyepesi, hata huku unanyolewa inafanyika. Chukua mabao ya straika, toa penalti. Kinachobaki gawa kwa mechi alizocheza. Jibu lake ligawe tena kwa wastani wa mabao ya mechi moja katika mashindano hayohayo. Unapata sehemu yake: katika mabao yaliyokuwa yakipatikana kwa mechi moja wakati ule, yeye peke yake alikuwa anabeba kiasi gani. Hatua 3. Usiruke hata moja, maana watu wa saluni wakiruka, wanaruka ile inayowaumiza.

Sándor Kocsis wa Hungaria, mabao 11 mwaka 1954, mechi 5. Ni 2.2 kwa mechi, hata penalti hatujamgusa. Gawa kwa 5.38, unapata 0.41. Sasa Ronaldo wa Brazil, yule wa kwanza, mwaka 2002. Ndiyo, yule aliyenyoa kichwa chote akabakiza pembetatu mbele. Huenda na kinyozi wake alikatizwa na ubishi. Mabao 8, mechi 7, penalti hakuna hata moja. Ni 1.14 kwa mechi. Mashindano yale yalikuwa na mabao 161 kwa mechi 64, wastani 2.52. Gawa: 0.45. Kwa hiyo 8 ni nyingi kuliko 11. Mwalimu wa darasa la pili akisikia atakuita ofisini, lakini ndivyo ilivyo. Na katika yale 11, matatu alifungwa Korea Kusini iliyolala 9-0, na manne walifungwa Wajerumani waliopumzisha vigogo wao, wakala 8-3.

Kabla wazee hawajatupa viti, wao ndio wana mtu wao anayevunja mzani. Just Fontaine wa Ufaransa, mzaliwa wa Marrakech, 1958 kule Sweden. Mabao 13, mechi 6, na penalti zilizomo ni sifuri. Kwenye mechi ya kutafuta mshindi wa tatu penalti ilipatikana, akapiga mwenzake Kopa, na Fontaine bado akafunga 4. Ni 2.17 kwa mechi. Wastani wa mashindano 3.6, maana yalikuwa mabao 126 kwa mechi 35. Jibu ni 0.60. Na njumu zilikuwa za kuazima! Zake ziliharibika, akapewa za mwenzake Stéphane Bruey. Leo straika ana jozi za njumu kwa kila rangi ya jezi, zimeandikwa jina la mtoto wake, anakosa bao mita 3 halafu anaangalia soli.

Sasa hapa kuna pahala pabaya, lakini lazima papitwe. Eusébio, 1966, mabao 9. Mtoto wa Msumbiji, kila mzee ana picha yake kichwani. Penalti zilizomo ni 4. Yanabaki 5 kwa mechi 6, yaani 0.83. Wastani wa mashindano ulikuwa 2.78. Jibu: 0.30. Tulieni! Kaeni! Hesabu hii haimwonei mtu, ila ina kasoro yake na kasoro hiyo inakaa hapahapa. Katika mechi ile na Korea Kaskazini, iliyoisha 5-3, penalti yake ya pili ilitokana na yeye mwenyewe kukimbia na mpira hadi wakamwangusha. Aliyeipika ndiye aliyeila, na hesabu inamnyang'anya sahani. Kwa hiyo straika anayeangushwa mwenyewe mrudishie nusu ya penalti. Anayesubiri winga aangushwe halafu anakuja kupokonya mpira mikononi mwa mwenzake, huyo asirudishiwe hata robo. Harry Kane wa England, 2018, alikuwa Mfungaji Bora kwa mabao 6, penalti 3, na moja katika yaliyobaki ni shuti la Loftus-Cheek lililomgonga kisigino yeye akiwa kwenye shughuli zake.

Ila Kombe la Dunia ni mechi chache tu, na mechi chache hata mtu wa ndondo anaweza kuwaka. Ukitaka kumjua straika njoo kwenye ligi, mvua na jua, mwezi wa nane hadi wa tano. Na hapo ndipo dogo wa benchi anapojileta mwenyewe. Anasema Haaland kafunga 36 msimu wa 2022/23, kavunja rekodi ya 34 ya Andy Cole na Shearer. Sawa, na alivunja ndani ya msimu wa mechi 38 wakati wenzake walikuwa na 42, mwongezee sifa. Lakini penalti toa. Haaland zake 7, yanabaki 29 kwa mechi 35: 0.83. Cole pale Newcastle 1993/94, penalti hakupiga, walikuwepo wengine. Mabao 34 kwa mechi 40: 0.85. Halafu bei: msimu wa Cole ligi ilikuwa na wastani wa mabao 2.59 kwa mechi, wa Haaland 2.85. Cole 0.33, Haaland 0.29. Na Newcastle ile ilikuwa imepanda daraja msimu huohuo! Dogo anaangalia simu kama vile simu ndiyo iliyosema.

Kumtendea haki: Haaland alikuwa anatolewa mapema, na "mechi" ni kipimo cha kitapeli. Aliyeingia dakika ya 85 kafunga vifungo vya jezi tu anaandikiwa mechi moja sawa na aliyekimbia dakika 90. Ukipata dakika, tumia dakika: mabao mara 90, gawa kwa dakika alizocheza. Kwa mastraika wa zamani shida hiyo ni ndogo, sababu hakukuwa na kutolewa. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji wa akiba 1965, tena mmoja na kwa majeruhi tu. Kombe la Dunia lilisubiri hadi 1970. Kabla ya hapo ukiumia unapelekwa winga ukachechemee huko, na takwimu zinaendelea kukuhesabia kama mzima. Pelé 1966 alipigwa na Wabulgaria, akaja kupigwa na Wareno, akamaliza mechi anaburuza mguu. Kadi za njano na nyekundu nazo zilikuja 1970. Yaani beki wa zamani alikuwa na uhuru ambao siku hizi hata konda hana.

Halafu kuna watu wanaamini mpira ulianza 1992. Wanasema Shearer ndiye mfungaji wa muda wote Uingereza, 260. Ni wa Premier League, ambayo ni jina jipya la daraja lilelile. Yeye mwenyewe alikuwa na mabao 23 ya Southampton kabla jina halijabadilishwa, yalikwenda wapi? Ukiyarudisha anapata 283. Jimmy Greaves ana 357 kwenye daraja hilohilo. Ni sawa na kupaka nyumba rangi halafu useme babu hakuwahi kuishi humo.

Wazee nanyi msicheke sana. Dixie Dean wa Everton, mabao 60 ya ligi msimu wa 1927/28, mechi 39. Mnalitaja kama muujiza, na mguu ule ulikuwa mguu kweli, lakini angalieni tarehe. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa: badala ya kuhitaji wapinzani 3 kati yako na mstari wa goli, wakatosha 2. Mabeki wakabaki wanashangaa. Mabao ya ligi ya Uingereza, madaraja yote, yakaruka kutoka 4,700 hadi 6,373 kwa msimu mmoja! Mwaka mmoja kabla ya Dean, George Camsell wa Middlesbrough alifunga 59 daraja la pili. Ilikuwa msimu wa maembe. Baadaye wakamrudisha kiungo wa kati nyuma amkabe namba tisa, na maembe yakaisha.

Na ule wimbo wa "mpira wa zamani ulikuwa mzito kama jiwe"? Nusu yake kweli, nusu chumvi. Tangu 1937 sheria inataka mpira uwe takriban gramu 400 hadi 450 mechi inapoanza, mpaka leo hii. Angalia maneno hayo, "inapoanza." Ngozi ya ng'ombe ilikuwa inakunywa maji, kipindi cha pili unapiga kichwa ndoo. Kombe la Dunia la kwanza kutumia mpira usio wa ngozi ni Mexico 1986. Kwa hiyo swali la kumuuliza mzee ni moja: siku hiyo mvua ilinyesha? Kama ilikuwa jua, mpira ulikuwa uleule, na goli nalo lilikuwa lilelile, mita 7.32 kwa 2.44. Asitafute huruma.

Tumalize na zile 1,283 za Pelé, maana gazeti limeshakunjwa mara tatu. Zimo mechi za kirafiki, zimo hata za timu ya jeshi alipokuwa kwenye utumishi. Dogo anaziita ndondo. Lakini Santos ilikuwa inazunguka dunia kutafuta hela, na kirafiki nyingine zilikuwa za kuumana na vigogo wa Ulaya, siyo bonanza la kugombea mbuzi. Ukitaka usalama, chukua timu ya taifa: Brazil mabao 77, mechi 92. Müller kwa Ujerumani Magharibi 68, mechi 62, na hapo kinyozi anapiga meza. Romário naye 2007 alitangaza bao la 1,000 kwa hesabu zake mwenyewe, za utotoni zikiwemo. Alifunga kwa penalti akiichezea Vasco da Gama. La 1,000 la Pelé, 1969 pale Maracanã, lilikuwa penalti pia, Vasco hiyohiyo ndiyo ikifungwa. Na msimhesabie Pelé kukosa Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora. Hadi 1994 ilikuwa ya wachezaji wenye uraia wa nchi za Ulaya tu.

Hata hapa kwetu Tanzania tunaibiana. Kagere wa Simba 2018/19, mabao 23. Aziz Ki wa Yanga 2023/24, mabao 21. Watu wa Msimbazi, yaani Simba, wanasema 23 ni 23. Ligi ya Kagere ilikuwa timu 20, mechi 38. Ya Aziz Ki timu 16, mechi 30. Gawa kwa mechi za ligi peke yake: 0.61 kwa 0.70. Na huyo wa 0.70 ni kiungo, hata straika siyo.

Kinyozi kafurahi mpaka kawasha mashine mwenyewe bila kuombwa. Zimebaki nywele za nyuma ya sikio tu, dakika mbili na mtu yuko nje. Ndipo mzee anafungua gazeti tena na kusema taratibu, bila kumtazama mtu, kwamba tarehe 19 Julai 1977 Simba ilishinda 6-0, Kibadeni akafunga 3, na anaomba mwenye simu amgawie hapo.

Kinyozi ni Yanga. Mashine imezimwa.