Orodha ya mizigo kwenye Ufunuo

Baba mdogo alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Dar es Salaam mpaka alipostaafu, na hadi leo hawezi kusoma kitu bila kukitolea maoni. Jumamosi moja kwenye ibada ya jumuiya, zamu ya kusoma ilimwangukia yeye: Ufunuo sura ya 18, kuanguka kwa Babeli. Akasoma vizuri hadi mstari wa 11 na 12, pale wafanyabiashara wa dunia wanapolia kwa kuwa hakuna tena anayenunua shehena yao. Dhahabu, fedha, vito, lulu, kitani, hariri, pembe, shaba, chuma. Akashusha miwani. "Jamani, hii si manifesti hii?"

Watu wakacheka. Mwinjilisti akamwomba aendelee, maana jua lilikuwa linazama na chai ilishaandaliwa.

Mimi nilibaki na lile neno, manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli. Nilipokuwa chuo nilipita kwenye kozi mbili za Agano Jipya, nikasoma wataalamu wanavyovutana kuhusu kitabu hiki, na hapa mzee wa bandarini amefika kwa nusu dakika mahali ambapo mimi nilifika kwa muhula mzima.

Kwetu Ufunuo unasomwa zaidi kama kalenda. Mwaka 2019 Kenya ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, wapo waliosema ndiyo alama ya mnyama. Baadaye ikawa zamu ya chanjo. Siwadharau wanaoogopa, kwa sababu mtu anayesitasita kuandikishwa na serikali mara nyingi ana sababu zake za zamani, na hofu haiji bure. Ninachokilalamikia ni kwamba usomaji huu unamnyang'anya barua mwenye barua. Kitabu chenyewe kinataja wapokeaji: makanisa saba ya mkoa wa Asia, leo magharibi mwa Uturuki. Ukifuata miji hiyo kwa mpangilio wake, kuanzia Efeso kupanda Smirna na Pergamo, kisha kushuka Thiatira, Sardi, Filadelfia hadi Laodikia, unapata mzunguko ambao mpeleka barua angeweza kuutembea kweli. Watu wa Thiatira wangekuwa na maswali mengi kama wangeambiwa kwamba barua yao inahusu kitambulisho cha Nairobi.

Kuna wanaodhani kuhoji namna hii ni mambo ya Wazungu wasioamini. Katika karne ya 3 Dionisi, askofu wa Aleksandria, alikaa na Injili ya Yohana na Ufunuo, akalinganisha Kigiriki cha vitabu hivi viwili, akasema aliyeandika hiki siye aliyeandika kile. Hakukikataa kitabu, alisema tu kwamba ana macho. Mwafrika huyo, na askofu.

Wataalamu wa siku zetu walianza kwa kujiuliza hiki ni kitabu cha aina gani. Mwaka 1979 kundi lililoongozwa na John J. Collins lilitoa maelezo yanayotumika hadi sasa: masimulizi ambamo kiumbe wa ulimwengu mwingine anamfunulia binadamu mambo ya mbinguni na ya mwisho wa nyakati. Maelezo hayo yanasaidia, kwani yanamweka Yohana, mwandishi wa Ufunuo, pamoja na ndugu zake kama Danieli, au Kitabu cha Henoko ambacho kimesalia kizima kwa Kigeezi peke yake kwa sababu Waethiopia walikitunza. Lakini ni kama kumweleza mtu taarabu kwa kumtajia ganuni, fidla na dumbaki. Vyombo amevijua, ila bado hajui kwa nini yule mama wa safu ya pili amenyanyuka na noti mkononi huku anamtazama jirani yake.

Mimi naona Ufunuo unafanya kazi kwa njia ya mafumbo, na kwa hilo watu wa pwani tuna faida kubwa. Chukua ile namba ya mnyama, 666. Herufi za Kigiriki na za Kiebrania zilitumika pia kama tarakimu, sawasawa na hesabu ya abjadi inayojulikana kwa masheikh na washairi wetu. Jina "Neron Kesari", yaani Kaisari Nero wa Roma, likiandikwa kwa Kiebrania linatoa 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200. Jumlisha mwenyewe. Ukiliandika kwa matamshi ya Kilatini, Nero bila ile "n" ya mwisho, unapunguza 50 na kubaki na 616, na kweli zipo nakala za kale zenye 616, mojawapo kipande cha mafunjo kutoka Oxyrhynchus, Misri, kilichochapishwa mwaka 1999. Sijaona maelezo mengine yanayofungua kufuli zote mbili kwa ufunguo mmoja.

Tena mchezo huo haukuwa wa manabii peke yao. Kwenye ukuta wa Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79 BK, kuna mtu aliyeandika kwamba anampenda yule ambaye namba yake ni 545. Nadhani mhusika alijijua, na mtaa mzima ukajua pia, kama tunavyojua kanga mpya ya fulani imenunuliwa kwa ajili ya nani. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua.

Kwa nini kufumba? Jibu nililofundishwa kanisani ni mateso: Kaisari Domitiani alikuwa anawaua Wakristo, Yohana akaandika kwa siri ili kuwatia moyo. Mwaka 1990 mtaalamu Leonard Thompson alilitikisa jibu hilo kwa kuonyesha kwamba ushahidi wa mateso ya dola nzima wakati wa Domitiani ni mwembamba mno. Katika barua zile saba, muuawa anayetajwa kwa jina ni mmoja tu, Antipa wa Pergamo. Laodikia haisemi inateswa. Inasema "mimi ni tajiri". Na ilikuwa na haki ya kusema: baada ya tetemeko la mwaka 60 BK ilijijenga upya kwa fedha zake bila msaada wa Roma, na mwanahistoria Mrumi Tacitus akaona jambo hilo lafaa kuandikwa.

Hapo picha inageuka. Efeso ilizindua hekalu la kuabudia familia ya makaisari karibu mwaka 89 au 90 BK, na miji ilishindana kupata heshima ya namna hiyo. Fundi aliyetaka kazi alikuwa kwenye chama cha mafundi wenzake, chama kilikuwa na karamu zake, na karamu ilikuwa na nyama iliyotolewa kwa miungu. Hakuna askari mlangoni. Ni mwaliko tu, na wenzako wanakuangalia kama utakula. Nilipolielewa hili ndipo nilipoelewa hasira ya Yohana dhidi ya yule mwanamke wa Thiatira anayemwita Yezebeli, aliyekuwa anafundisha kwamba kula si neno.

Lakini siendi na Thompson hadi mwisho wa safari. Mchungaji Allan Boesak alikisoma kitabu hiki Afrika Kusini katika miaka ya ubaguzi wa rangi, na kwake yule mnyama hakuwa mwaliko wa karamu, alikuwa polisi. Aliyeshiba na aliyepigwa hawawezi kusikia sauti ileile, na Yohana, akiwa kisiwani Patmo, yaelekea aliwaandikia wote wawili kwa pumzi moja.

Turudi kwenye manifesti ya Babeli, ambayo ni jina la fumbo la Roma. Bidhaa ni 28, nimezihesabu mara tatu kwa vidole. Mtaalamu Richard Bauckham ameichambua orodha hii kimoja kimoja, akaonyesha kwamba nyingi ndizo hasa zilizotajwa na Warumi wenyewe kama anasa za matajiri wao. Plinio Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne hiyo, alinung'unika kwamba India, China na Arabia zilikuwa zikichota sesterse, sarafu za Kirumi, milioni 100 kila mwaka. Yaani Yohana hakuota. Alikuwa anaona, kama si kwa macho basi kwa habari za wachukuzi, kilichokuwa kinapakiwa.

Na kuna bidhaa moja inayonifanya nikae wima kila nikiifikia: vyombo vya pembe. Katika karne hiyohiyo ya kwanza mfanyabiashara mmoja wa Misri, jina lake halikubaki, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa biashara ya bahari hii yetu. Soko la mwisho alilolitaja kusini ni Rhapta, jina analosema linatokana na mashua zilizoshonwa. Mtu wa Lamu akisikia mashua ya kushonwa atakwambia mtepe. Wengi huiweka Rhapta mahali fulani pwani ya Tanzania, wengine wakielekeza kidole delta ya Rufiji. Kutoka hapo zilitoka pembe za ndovu kwa wingi, ingawa huyo bwana anaponda kidogo kwamba hazifikii za Aduli, bandari ya Bahari ya Shamu. Siwezi kuapa kwamba kitanda cha pembe cha tajiri yeyote wa Roma kilitoka Rufiji. Nasema tu njia ilikuwepo.

Orodha inashuka: mdalasini, ubani, mvinyo, mafuta, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi, magari, na mwisho kabisa "miili na roho za wanadamu". Neno "miili" kwa Kigiriki cha sokoni lilimaanisha watumwa. Thiatira, mmoja wa ile miji saba, limepatikana jiwe lenye maandishi ya heshima yaliyotolewa na watu wa soko la watumwa pamoja na madalali wa miili. Madalali wa miili, na hawakuona aibu kulichonga jina la kazi yao kwenye jiwe. Yohana anaandika neno hilohilo la madalali, "miili", halafu anaongeza maneno aliyoyatoa kwa Ezekieli kwenye maombolezo ya Tiro: roho za wanadamu.

Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake Mkunazini likajengwa kanisa kuu la Waanglikana. Askofu aliyesimamia ujenzi, Edward Steere, ndiye pia aliyekuwa anafanya kazi ya kulitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Kwa sura ya 18 sidhani kama alihangaika kutafuta maneno. Pembe, ubani, mdalasini, dalali, mtumwa: yote yalikuwa yanatamkwa nje ya dirisha.

Jioni ile, baada ya chai, baba mdogo alinivuta pembeni. Alikuwa bado na swali la kikazi. "Manifesti huwa inaonyesha mzigo umepakiwa bandari gani," akasema. "Wale wa mwisho, wametoka wapi?"