Kumfundisha mtoto nyumbani si kumficha

Mhariri, makala yenu inadai kwamba wazazi Wakristo wanaosomesha watoto nyumbani wanawafungia wasiione dunia. Mimi ni mmoja wa wazazi hao hapa Nakuru, na nimeumia kuisoma. Mimi na mume wangu tulifunga na kuomba kabla ya kuamua, kwa kuwa Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inamwagiza mzazi mwenyewe awafundishe wanawe neno la Mungu aketipo nyumbani na atembeapo njiani, nasi tulikuwa tumemwachia mwalimu mwenye darasa lililofurika kazi hiyo yote. Asubuhi tunaanza kwa zaburi na sala, kisha hesabu. Juzi binti yangu wa miaka 8 alielewa nusu na robo tulipokuwa tukipima unga wa chapati, akawa anachora mistari kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Jioni hucheza na watoto wa jirani.

Kinachoninyima usingizi ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ambayo inaweza kumtoza mzazi asiyempeleka mtoto shuleni faini ya hadi shilingi 100,000 au kumfunga hadi mwaka mmoja, bila kutueleza waziwazi sisi tunaofundisha wenyewe tunasimama wapi. Wapo wanaowabakiza watoto nyumbani wachunge mifugo au walee wadogo zao, na hao sheria iwashike. Sisi tunaomba tusajiliwe na tukaguliwe. Afisa wa elimu akibisha hodi hata kesho, madaftari ya watoto yako tayari mezani.