Bima Imelizidi Gari

Jamani, nisikilizeni nyinyi, maana nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza tena.

Binti yangu Sikujua (jina la bibi yake, mama yangu mimi) katimiza miaka 17. Huku Uingereza umri huo ukipasi mtihani unapewa leseni kamili, hakuna cha kungoja 18 kama nyumbani. Sasa Jumanne moja, saa nne na robo asubuhi, niko ghalani na boksi mikononi, simu inaita. Napokea, mtoto analia. Nikajua kafeli tena, kama mara ya kwanza aliposita kwenye kipilefti mpaka mtahini akachoka. Na tunakoishi ni Milton Keynes, mji wenye vipilefti zaidi ya 100, utafikiri aliyechora ramani alikuwa anaweka kikombe chake cha chai juu ya karatasi. Kumbe mtoto analia kwa furaha. Kapasi! Nikatua boksi nikapiga vigelegele, mwanaume mzima na fulana ya kung'aa. Msimamizi akaja mbio kuuliza nani kaumia.

Hakuna aliyeumia. Niliumia saa moja jioni.

Maana mpaka hapo nilijiona nimemaliza kutoa. Leseni ya lena pauni 34. Mtihani wa maswali 23. Mtihani wa barabarani 62, mara mbili. Mwalimu pauni 38 kwa saa, na Sikujua alikula saa arobaini na kitu. Ningempeleka mbuzi kwa saa hizo angerudi anajua kurudi rivasi. Gari lenyewe nilishanunua kwa jirani aliyekuwa anahama: Yaris ya 2007, ambayo sisi watu wa Temeke tunaijua kwa jina lake la heshima, Vitz. Injini lita moja, mlango wa kushoto una mkwaruzo, ndani linanuka mbwa ambaye hatukuwahi kutambulishwa. Pauni 1,800.

Basi nikajiwekea chai ya tangawizi, nikafungua kompyuta, nikaingia kwenye ile mitandao inayolinganisha bei za bima. Hesabu yangu ya kichwani: gari la 1,800, bima itakuwa 300. Wakinikomoa, 400.

3,912.

Nikavua miwani, nikaifuta kwa shati, nikavaa. Bado 3,912.

"Mama Sikujua, njoo uone, hawa wameandika namba ya simu mahali pa bei."

Akaja na mwiko, akainama, akasoma. "Siyo namba ya simu, Baba Sikujua. Kuna alama ya pauni hapo mbele." Akarudi kwenye ugali wake.

Nikasema haidhuru, sisi tumekulia uswahilini, bima kubwa, zile zinazolipa mpaka gari lako mwenyewe, tumeziona lini? Nikatafuta bima ndogo. Ninyi mnaijua bima ndogo: inamlipa uliyemgonga, wewe mwenyewe utajua pa kulala. Mara yangu ya mwisho kuikata Dar ilikuwa shilingi 118,000, yaani laki moja na VAT yake. Kwa pesa za huku haifiki hata pauni 50, na hakuna aliyeuliza dereva ana miaka mingapi wala kama ana macho. Nikabonyeza. Kompyuta ikazunguka, ikazunguka, ikatema 4,260.

Bima ndogo ghali kuliko bima kubwa! Ni sawa uende kwa mama ntilie, akwambie wali maharage elfu tatu, wali mtupu elfu nne.

Kuna kijana tunasali naye Ijumaa, anafanya kazi ya mahesabu ya bima. Nikamkamata wakati anatafuta viatu vyake. Akanieleza huku amesimama mguu mmoja. Kwanza, wanaochagua bima ndogo huku wengi ni madereva wanaogonga sana, kwa hiyo kampuni zikiona umeichagua zinakuweka kapu moja nao. Pili, akaniambia, "Mzee, hawaangalii gari lako. Gari lako hata likiungua lote ni 1,800. Wanaangalia mguu wa mtu." Sheria ya huku inataka bima yako ilipe majeruhi bila kikomo. Binti akimvunja mtu uti wa mgongo, bima itamtunza mtu huyo maisha yake yote: kiti cha magurudumu, wauguzi, nyumba kupanuliwa milango. Mamilioni ya pauni. Na anayeanza kuendesha ndiye wanayemwogopa zaidi.

Nikamwelewa. Nilipofika kwenye gari langu nikaanza kutomwelewa tena, maana bei ilikuwa bado 3,912.

Shemeji yangu wa Leicester akapiga simu na suluhisho. Huyu bwana kila tatizo ana suluhisho, na kila suluhisho lake lina mahakama ndani yake. "Shemeji, mbona unahangaika? Andika wewe ndiye dereva mkuu, mtoto mweke dereva msaidizi. Bei inakuwa nusu!" Nikaanza kuandika. Mama Sikujua akasimama nyuma yangu, safari hii bila mwiko, nikajua ni jambo zito. Akanisomea kutoka kwenye simu yake kwamba huo ni udanganyifu kisheria, wakigundua wanakataa kulipa, wanafuta bima, na ukishafutiwa bima kila kampuni utakayokwenda baadaye inakuuliza na unapaswa kukiri. "Halafu mtoto akikamatwa hana bima ni pointi sita za makosa kwenye leseni," akaongeza, "na dereva mpya akipata pointi sita ndani ya miaka miwili ananyang'anywa leseni. Utamlipia tena zile saa arobaini?"

Nilifuta haraka kuliko nilivyoandika.

Nikaamua kusema kweli tupu. Lakini jamani, maswali yao! Mchana gari linalala wapi. Usiku linalala wapi. Mimi mwenyewe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo isipokuwa mama watoto. Kazi yangu nini? Nikiandika "mfanyakazi wa ghala" bei hii, nikiandika "mpakizi" bei nyingine, na zote ni mimi, mgongo huu huu unaouma. Gari litatumika kwa nini? Jibu lao lenyewe limeandikwa tayari: matembezi, mambo ya nyumbani na starehe. Starehe! Nimekaa saa tatu usiku, chai imeganda ngozi juu, bei inasoma elfu tatu na mia tisa, halafu naulizwa kuhusu starehe.

Una uzoefu wa miaka mingapi? Hapo nikajitanua. Nimeendesha kipanya Mbagala–Kariakoo miaka sita, konda ananing'inia mlangoni, abiria mmoja kakalia gia, na sikuwahi kugusa hata toroli la mkaa. Hakuna kisanduku cha kuweka hiyo. Wao wanahesabu tangu nipate leseni ya huku. Miaka sita ya Mbagala imekwenda na maji.

Na liko jingine linaniuma. Zamani wasichana huku walilipa bima nafuu, maana takwimu zilionyesha wavulana ndio wanaogonga zaidi. Kikaja chama cha watetezi wa walaji cha Ubelgiji, kikafungua kesi kwao, ikafika mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg. Machi 2011 majaji wakasema huo ni ubaguzi, na kuanzia tarehe 21 Desemba 2012 ikawa marufuku kutofautisha bei kwa jinsia. Sikujua wakati huo alikuwa anaendesha baiskeli ya matairi matatu sebuleni. Sawa, haki ni haki. Lakini Uingereza ikaja ikatoka kwenye huo Umoja, wakabadilisha mpaka rangi ya pasipoti, na katika yote waliyoacha wakakumbuka kubaki na hili moja. Hivyo binti yangu anayesimama taa ikiwa bado ya kijani eti "itageuka tu" analipa sawa na kijana wa nyumba ya kumi na tisa, ambaye bomba la moshi la gari lake linaamsha marehemu.

Nisiwachoshe na wiki mbili zilizofuata. Ila moja mlijue, wenye watoto: ukikata bima siku ile ile unayotaka ianze, wanakuona umebanwa na bei inapanda. Ukiomba ianze wiki tatu mbele, inashuka. Mimi nilikuwa naomba kila jioni ianze kesho asubuhi, kama mtu anayekopa dukani.

Ikashuka kidogo kidogo. Nikakubali kulipa pauni 900 za kwanza mwenyewe kama ajali ikitokea, yaani gari la 1,800 likifa, nusu yake nimejikatia bima mimi. Tukakubali kisanduku cheusi, kile kinachopeleleza dereva anavyoendesha, ikafika 2,480. Halafu yule kijana wa Ijumaa akaninong'oneza: dereva mkuu abaki binti, kweli tupu, ila waongeze wazazi kama madereva wa ziada mnaoliendesha mara moja moja. Mtu mzima kwenye karatasi anatuliza roho zao. Tukaandikwa mimi na mama yake. 1,960.

Bado imelizidi gari kwa pauni 160. Nikalipa. Kulipa kwa mwezi nilikataa, maana huo ni mkopo una riba yake, na mimi riba naikimbia kwa sababu mbili, ya dini na ya mfuko.

Kisanduku kikaja kwa posta. Si cheusi wala nini, ni cheupe, ukubwa wa kiberiti, unakibandika kwenye kioo cha mbele na kinaongea na simu ya binti. Kinapima mwendo, breki, kona, na saa mnazotembea. Kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri hakipendi mtu barabarani kabisa. Kila wiki kinatoa maksi kwa mia. Ni tochi, ndugu zangu, tochi ya trafiki imeingia ndani ya gari. Na tochi ya Dar walau nyuma yake kuna mtu: mnasalimiana, unamwita afande, unamweleza mgonjwa uliyemwacha hospitali. Hiki kiberiti hakisalimiwi.

Wiki ya kwanza Sikujua akapata 94. Ya pili 96. Nikatembea na zile maksi mpaka ghalani, namwonyesha kila mtu.

Wiki ya tatu gari langu likafa betri, na mimi nina zamu ya usiku. Nikachukua Vitz. Halali kabisa, jina langu limo, na kwenda kazini nilikulipia. Siku nne tu.

Jumapili asubuhi niko mezani na chapati, naona binti anashuka ngazi polepole, simu mkononi, uso kama wa mwalimu wa zamu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, tumepata 41."

"Tumepata nani?"

Akanigeuzia simu. Ramani ya Milton Keynes, njia yangu yote kutoka nyumbani hadi ghalani, na juu yake vitone vyekundu. Kila kipilefti kitone. Vipilefti kumi na moja, vitone kumi na moja, kwenda na kurudi, mara siku nne. Kona kali, kona kali, breki ya ghafla, kona kali. Pale karibu na duka la samani vitone viwili, maana nilitaka kumpita mtu wa basi. Na chini yake ujumbe: dereva anatembea usiku wa manane, maksi zikiendelea hivi bei inaweza kupandishwa au bima kusitishwa.

"Baba," akasema, kwa sauti ya chini, ile ya adabu inayouma kuliko matusi, "nani alikufundisha kuingia kipilefti?"

Nikamwangalia mama yake anitetee. Mama yake alikuwa ameshika ukingo wa sinki, mabega yanacheka.

Sasa funguo za Vitz zinakaa chumbani kwa binti. Mimi naruhusiwa Jumapili, saa nne asubuhi, yeye kakaa kushoto kwangu na mkanda umefungwa. Suka wa Mbagala, miaka sita bila ajali, naambiwa, "Baba, kioo. Baba, indiketa. Baba, huyo ana haki ya kupita, mwache." Jana tulifika kipilefti cha kwanza, nikasimama, nikaangalia kulia. Hakuna gari. Nikaangalia tena. Nyuma yangu mtu akapiga honi, nikamtambua kwenye kioo: kijana wa nyumba ya kumi na tisa.

"Usimjali, Baba," akasema Sikujua. "Sasa nenda. Taratibu. Taratibu, kisanduku kinakuona."

Tuko 63.