Mzazi Ana Haki ya Kuuliza

Muhula huu ulipofunguliwa, katika mkutano wa wazazi wa shule moja ya bweni viungani mwa mji wa Kakamega, mama mmoja alisimama akauliza swali ambalo nilidhani lingejibiwa kwa sentensi mbili: yule mlinzi mpya wa usiku, anayezunguka mabweni ya wasichana akiwa na funguo zote kiunoni, ametoka wapi, na ni nani aliyechunguza rekodi yake kabla ya kuajiriwa? Mwenyekiti alikohoa, akazipanga karatasi zake upya, kisha akasema kwamba habari za wafanyakazi ni siri kwa mujibu wa sheria ya kulinda data, na kwamba wazazi wasikubali kuendeshwa na uvumi wa mitandaoni. Tukahamia ajenda ya basi la shule. Basi lilijadiliwa saa nzima, hadi rangi ya viti.

Sheria ya Makosa ya Kingono tunayo tangu mwaka 2006, na wanaokumbuka mjadala wa bungeni wanajua kejeli alizovumilia Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge mteule, ili mswada ule upite. Kifungu cha 39 cha sheria hiyo kinamtaka Msajili wa Mahakama Kuu aweke daftari la watu waliopatikana na hatia ya makosa haya. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba aliyewahi kuhukumiwa akiomba kazi ya kusimamia au kutunza watoto bila kufichua hukumu yake, anatenda kosa jingine, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Ni kipengele kizuri, ila mzigo wa kusema ameachiwa mtu yule yule mwenye kila sababu ya kunyamaza. Tumemkabidhi fisi zizi, tukamwomba atuarifu siku atakayohisi njaa.

Nitaambiwa kwamba kuna cheti cha maadili mema kutoka kwa wapelelezi wa DCI, yaani Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho kila mtafuta kazi hukilipia shilingi elfu moja na ushee. Kipo, lakini huletwa na mwenyewe, hupokelewa na mwajiri, kisha huingia kwenye faili na kabati kufungwa. Mzazi haoni cheti hicho, wala haambiwi kama kilidaiwa.

Kwa walimu walioajiriwa na serikali, angalau kuna pa kuanzia. Tume ya Huduma za Walimu (TSC) huchapisha hadharani majina ya walimu iliowafuta kwenye sajili, wakiwamo waliofutwa kwa kuwadhulumu wanafunzi kingono, na yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma. Haikufika hapo kwa hiari tupu. Mwaka 2015, katika kesi ya wasichana wawili walionajisiwa na mwalimu wao, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba tume yenyewe inapaswa kuwajibika pamoja na mwalimu huyo, akakemea tabia ya kuwahamisha watu wa namna hiyo kutoka shule moja hadi nyingine. Majina yanachapishwa na nchi haijaanguka. Siri ile tuliyoambiwa mkutanoni haionekani kuwa takatifu hivyo serikali yenyewe inapoamua kusema.

Tatizo ni kwamba wengi wanaokaa na watoto wetu hawajawahi kuingia katika sajili ya TSC, na hawatawahi kuingia. Mlinzi, mpishi, matroni, dereva wa basi tulilolijadili kwa mapenzi makubwa, kijana anayefundisha masomo ya ziada sebuleni mwa watu jioni, mkufunzi wa mpira, mwalimu wa Shule ya Jumapili anayewapeleka watoto kambini wakati wa likizo, na nyumba za kulea mayatima zinazochipuka kando ya barabara zikiwa na bango kubwa na ukuta mrefu zaidi, wote hao huingia kazini kwa barua ya mchungaji, kwa neno la shemeji, au kwa sababu walipatikana siku hiyo. Simama asubuhi penye barabara ya kwenda Lurambi utazame bodaboda zinavyopita. Watoto wanne juu ya pikipiki moja, mdogo kabisa ameketi juu ya tangi huku mkoba wake ukining'inia kwenye usukani, na mwendeshaji tunamjua kwa namba ya simu na jina la utani tu. Katika boma nyingi za huku mlezi ni kukhu, yaani nyanya, kwa kuwa wazazi wako Nairobi au Mombasa wakitafuta, naye kukhu hana wakili wala mjukuu mwenye muda wa kumwandikia barua Msajili wa Mahakama Kuu. Anamwamini mtu kwa sababu anawafahamu watu wa ukoo wake. Mtu huyo akiwa amehukumiwa Eldoret au Nakuru, akatumikia kifungo chake na kurudi upande huu ambako hakuna anayemfahamu, kukhu ataambiwa na nani?

Hata hivyo siungi mkono kilio kinachosikika kila linapotokea jambo la kutisha, kwamba majina yote na picha zote zibandikwe mitandaoni kila mtu ajionee. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba Wamarekani walipopitisha sheria ya kitaifa ya kuwajulisha majirani mwaka 1996, baada ya mtoto Megan Kanka wa New Jersey kuuawa na jirani ambaye wazazi wa Megan hawakujua rekodi yake, walimpa mzazi jambo moja ambalo sisi hatuna: hahitaji kumpigia mtu yeyote magoti. Lakini mwaka 2006, katika jimbo la Maine, kijana mmoja aliyachukua majina kutoka katika orodha ya mtandaoni, akaenda hadi nyumbani kwa wanaume wawili na kuwapiga risasi wakafa. Mmoja wao alikuwa orodhani kwa sababu alipokuwa kijana alilala na mpenzi wake ambaye alikuwa hajatimiza miaka 16. Huku kwetu bunduki hazihitajiki, kwa maana petroli na kiberiti vinapatikana dukani na umati haujawahi kuchelewa. Tena kwa sheria yetu msichana wa miaka 17 ni mtoto, na mvulana wa miaka 19 aliyekuwa mpenzi wake, akipatikana na hatia, hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15. Orodha ya wazi itamweka ukurasa mmoja na mtu aliyemnajisi mtoto wa chekechea, na umati hausomi maelezo ya pembeni.

Ninachokitaka ni haki ya kuuliza kuhusu mtu mmoja mwenye jina, na kujibiwa. Uingereza ilianza kuujaribu mpango wa namna hiyo mwaka 2008, kisha mwaka 2011 ukaenezwa kote katika Uingereza na Wales: mzazi huwauliza polisi kuhusu mtu fulani anayemkaribia mtoto wake, na ikiwa kuna hatari, aliye katika nafasi ya kumlinda mtoto huambiwa, kwa sharti kwamba asiitangaze habari hiyo. Nasi hatuhitaji kubuni mengi. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamdai afisa ajibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Kaunta moja katika mahakama ya Kakamega, nyingine Vihiga, Busia na Siaya, karani aliyefunzwa, fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, jibu ndani ya saa hizo 48. Shule, kanisa au nyumba ya mayatima ambayo haikuuliza kabla ya kuajiri itozwe faini, na mzazi aonyeshwe uthibitisho kwamba iliuliza. Sheria ya kulinda data haikutungwa ili iwe blanketi la wenyeviti wa bodi.

Lakini daftari hubeba waliohukumiwa tu, na hapa ndipo hasira yangu inapohama kutoka Mahakama Kuu hadi vijijini mwetu. Wengi hatujasahau ya Tingolo, kule Busia, mwaka 2013. Msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume alipokuwa akirudi kutoka mazishini, na polisi waliokabidhiwa baadhi ya washukiwa waliwapa adhabu ya kufyeka nyasi kituoni, kisha wakawaachilia. Ilihitajika sauti ya zaidi ya watu milioni moja waliotia sahihi ombi la haki, na karibu miaka miwili, ndipo wanaume watatu wakahukumiwa mwaka 2015 kifungo cha miaka 15. Bila kelele zile, nyasi zingekuwa zimefyekwa na daftari lingekuwa tupu.

Ni nyasi ngapi zimefyekwa bila ulimwengu kusikia? Kila mtu anayesoma haya anaifahamu boma ambamo wazee walikaa chini ya mti, ng'ombe mmoja na shilingi kadhaa zikabadilishana mikono, mama wa mtoto akaambiwa asiivunje familia, na naibu chifu akaweka sahihi kama shahidi. Wanaoketi vikao hivyo hupenda kusema kwamba wanaokoa amani. Kwa sheria hawana uwezo huo hata chembe: kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kiliweka uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la kingono mikononi mwa Mwanasheria Mkuu peke yake, na tangu Katiba ya 2010 mashtaka yako chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzee wa mtaa hajatajwa popote, wala naibu chifu, wala baba aliyekwisha kumpokea ng'ombe.