Kete 64 za Bao na Vipande 64 vya Famicom

Mwezi uliopita nilimpelekea mtoto wa dada yangu, kwenye maghorofa ya Michenzani, kaseti ya gemu mpya ya kuchezea katika mashine yetu kongwe, mojawapo ya zile zilizoiga Famicom ya Japani, ambayo mimi na kaka yangu tuliichezea Chake Chake tulipokuwa skuli ya msingi. Dada aliniuliza kwa nini mtu ahangaike leo kutengeneza gemu ya mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 1983. Jirani aliyekuwapo akajibu kuwa watu wazima wanautamani utoto wao. Jibu hilo siliafiki, kwa sababu mpwa wangu ana miaka tisa, hana utoto wa kuukumbuka katika mashine ile, na bado alipofika kwenye mnara wa kwanza hakusikia alipoitwa chakula.

Kwangu mimi, mvuto wa gemu hizi unafanana na ule wa bao. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na sijapata kumsikia fundi yeyote wa barazani akiomba aongezewe shimo ili acheze vizuri zaidi. Ufundi wake wote umo ndani ya kile kipimo ambacho mpinzani na watazamaji wanakijua sawasawa na yeye. Famicom nayo ina kipimo chake. Inaweza kuonesha vipande vidogo vya picha vinavyotembea 64 tu kwa wakati mmoja, na visizidi 8 katika mstari mmoja wa kioo. Vikizidi, vilivyobaki havichorwi, ndiyo maana watengenezaji huvipa zamu na mchezaji huona maadui wakitokea na kutoweka kwa haraka. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2.

Gemu niliyompelekea ni Micro Mages, iliyotolewa na Morphcat Games mwaka 2019, na yote kwa jumla, yaani minara, maadui, muziki na sheria zake, ina ukubwa wa kilobaiti 40, ambao unazidiwa na picha nyingi tunazotumiana kwenye simu. Ili itoshe, watengenezaji walichora nusu ya baadhi ya maumbo na kuiacha mashine iigeuze nusu hiyo ili kupata upande wa pili. Ninapolijua jambo hilo, ninamtazama adui mkubwa kwa heshima ileile ninayompa mshonaji wa kofia anayetoa ua kamili kwa uzi mchache.

Mtengenezaji mwengine, Matt Phillips, naye alitoa gemu ya Tanglewood mwaka 2018 kwa ajili ya Mega Drive, mashine kongwe ya kampuni ya Sega, akitumia vifaa vya kutengenezea gemu vya enzi ya mashine hiyo.

Si kila gemu mpya ya namna hii ni nzuri. Ziko zinazorudia tu miruko na nyimbo za zamani, na hizo ndizo kweli zinazotegemea kumbukumbu za mnunuzi. Nzuri ni ile inayoibana mashine ifanye jambo ambalo waliotutangulia hawakulifikiria, kisha ikakabidhiwa ikiwa imekamilika: unachomeka kaseti, unawasha, unacheza, bila kununua bando la intaneti kwa ajili ya kupakua marekebisho siku ileile uliyoinunua.

Nilimweleza mpwa wangu habari ya vile vipande 8. Sasa anacheza huku akihesabu, na juzi alisimamisha gemu, akanionesha kwa kidole mstari uliojaa maadui ambao hakuna hata mmoja wao aliyetoweka, akaniuliza: “Mjomba, aliyetengeneza alikaa akawapanga hivi mmoja mmoja?”