Kasi ya kutanuka ulimwengu, mawimbi ya mvutano yashamaliza ubishi?

Juzi barazani mtu kasema ati mawimbi ya mvutano (mitetemo ya anga lenyewe, inayotoka vitu vizito mno vikigongana) yashamaliza ubishi wa kasi ya kutanuka ulimwengu, mwengine akadakia kuwa hayana faida yoyote. Mie nnaona wote wamepitiliza.

Ubishi wenyewe ni huu: ukipima kwa mwanga wa kale kabisa, ule iloupima satelaiti ya Planck, unapata kilomita 67 kwa sekunde kwa kila megaparsek (masafa ya miaka ya mwanga kama milioni 3.26), ukipima kwa nyota zinazoripuka unapata 73, na makosa ya vipimo waloyakadiria wenyewe hayazibi pengo hilo.

Kaa Malindi usiku utazame karabai za wavuvi wa dagaa. Ukijua taa ina nguvu gani utakisia chombo kiko masafa gani, ndo hivo nyota zinavotumika, ila lazima uanze na taa za karibu upande ngazi kwa ngazi na kosa la chini unapanda nalo. Wimbi la mvutano ni king'ora cha meli, mlio wenyewe unavopanda unakwambia ulitoka na nguvu gani, ngazi huhitaji. Mwanafizikia Bernard Schutz aliyasema haya toka 1986!

Sasa tarehe 17 Agosti 2017 LIGO na Virgo, mitambo ya kunasia mawimbi haya, wakanasa nyota mbili za nyutroni (masalia mazito mno ya nyota zilokufa) zikigongana, sekunde 1.7 baadae miale ya gama ikafika, kisha darubini zikauona mwanga kwenye galaksi NGC 4993. Hebu fikiria, safari ya miaka kama milioni 130 halafu wanapishana sekunde 1.7 tu! Yani mawimbi na mwanga spidi yao moja, na modeli chungu nzima zilobadilisha nadharia ya Einstein ili zieleze kutanuka huku, zile zilotaka mawimbi yawe na spidi yake, zikafa pale pale. Anosema hayana faida alitazame hili kwanza.

Lakini ile namba ya kasi ya kutanuka? Ilitoka 70, kosa 12 juu na 8 chini, 67 na 73 zote zimo ndani. King'ora kikikuelekea kinasikika kikali ukadhani kiko karibu, na zile nyota zimetuelekea vipi hatukujua vizuri. Baadae darubini za redio zikafatilia mchirizi wa maada uliotoka pale, ule uelekeo ukajulikana vizuri zaidi, kosa likashuka mpaka kama 5, bado halitoshi. Mwaka 2019 zikasikika nyota nyengine mbili, mwanga haukuonekana, kwa hivo galaksi yake haikujulikana, na bila ya galaksi huna kasi ya kulinganisha na masafa. Wako wanotumia mawimbi ya mashimo meusi yanayogongana, na orodha za galaksi kukisia wimbi lilitokea wapi, sawa, ila orodha yenyewe ina mapengo.

Mie nipo upande wa mawimbi, kwa kuua modeli yashafanya kazi kubwa, kwa namba tungojee, maana walopiga hesabu wanasema yanahitajika matukio kama 50 yenye mwanga na tulonalo ni lile moja la 2017.