Umaskini si mgogoro

Vijana wa mtaani hunitumia hadithi zao fupi kwenye simu, na karibu kila hadithi nakutana na baba yule yule. Ni maskini, mlevi, anampiga mkewe, na binti yake amekatishwa skuli. Ukurasa wa kwanza taabu, wa pili taabu, wa tatu binti anakufa au anatokea mfadhili kutoka mjini. Nikiuliza mgogoro uko wapi, najibiwa bila kusita: "Umaskini."

Mimi nakataa. Umaskini ni hali, kama jua la kaskazi lilivyo hali: linawachoma wote, na peke yake halimfanyi mtu yeyote atende jambo. Mgogoro unaanza pale maskini huyo anapotaka kitu fulani, leo, na kitu hicho kinazuiwa na mtu mwengine au na jambo jengine ambalo yeye mwenyewe pia analitaka.

Lawama sehemu kubwa naipeleka kwenye namna tunavyosomeshwa fasihi. Mtahiniwa anaambiwa ataje migogoro, naye anapanga: wa kiuchumi, wa kisiasa, wa kitamaduni, wa nafsi. Msuko, yaani mpangilio wa matukio, unakaa kwenye fani (namna ya kusimulia), migogoro inakaa kwenye maudhui (yale yanayosimuliwa), wahusika wana swali lao la peke yao. Ni rahisi kusahihisha, sikatai. Lakini kijana aliyezoea kuvikuta vitu hivi mbalimbali, akikaa kuandika huviweka mbalimbali vile vile, kisha anashangaa hadithi haiendi.

Na hazina tunayo. Chukua kisa cha kima na papa, ambacho Askofu Edward Steere alikikusanya kwa watu wa hapa hapa Unguja na kukichapisha London mwaka 1870. Wengi wetu tulikisikia kwa mabibi kabla hatujajua kusoma, baada ya "Paukwa! Pakawa!" Kima anakaa juu ya mkuyu ambao nusu ya matagaa yake yako bara na nusu juu ya bahari. Anamtupia papa matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao, kima anapanda mgongoni, wanakwenda. Kati ya bahari papa anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Hapo nataka tukae kidogo. Kwa nini papa alisema? Hakuna aliyemlazimisha. Angenyamaza mpaka wafike, kima angekufa na kisa kingekuwa mistari michache ya khiana. Msimulizi hatuelezi kwamba papa ana haya, wala kwamba urafiki wa yale matunda umemganda rohoni. Hatupi sifa hata moja. Anampa papa kauli moja, katika wakati mbaya kabisa wa kuitoa, na sisi wenyewe tunaona kiumbe aliyebanwa baina ya mfalme na rafiki. Kauli hiyo ndiyo usawiri wake, yaani namna anavyochorwa. Ndiyo mgogoro wake pia, na ndiyo inayoupindua msuko, kwa sababu sasa kima anajua. Ukiniambia niitie kwenye safu moja tu ya jedwali la mtihani, sitaweza.

Kima naye angalia anavyojibu. Halii, hamtukani rafiki yake. Anamwambia sisi makima mioyo yetu tunaiacha juu ya miti, kwa hiyo turudi tukauchukue. Uongo huo hautoki kwa mnyama yeyote tu. Unatoka kwa huyu, mwenye akili nyepesi na ulimi baridi. Na papa anaukubali kwa sababu ni yule yule mwepesi wa kuamini aliyeshindwa kuficha siri. Kila hatua ya kisa imezaliwa na tabia ya mtu. (Bila shaka wamo watakaosema hizi ni ngano za watoto. Basi waniletee hadithi ya watu wazima iliyofungwa imara hivi, nitaisoma usiku huu huu.)

Mwanafalsafa wa Kiyunani Aristotle aliuita msuko roho ya tanzia, yaani mchezo wa huzuni, wahusika akawaweka nafasi ya pili. Mjerumani Gustav Freytag, mwaka 1863, akatuachia ule mchoro wa kupanda, kilele na kushuka ambao walimu wanauchora ubaoni hadi leo. Lakini yeye alikuwa akizungumzia tamthilia za vitendo vitano. Hadithi ya kurasa sita haina nafasi ya kupanda mlima wote huo. Mara nyingi inaanzia karibu na kileleni na inakatika kabla ya kushuka. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster, mwaka 1927, alitenga wahusika bapa, wenye sifa moja tu, na wahusika duara, wenye sura nyingi na wanaoweza kutushangaza, nalo somo hilo tumeligeuza kuwa hukumu, kana kwamba ubapa ni aibu. Hadithi fupi inahitaji bapa wengi na duara mmoja, wawili wakizidi.

Kwa hivyo yule baba maskini namrudisha kwa mwandishi na kumwomba amhamishie Pemba, msimu wa karafuu. Tumwite Mzee Faki, wa Konde. Karafuu zake zimekauka juu ya majamvi. Kwa sheria muuzaji anazipeleka kwenye shirika la serikali, ZSTC. Bintiye anaolewa kabla ya Ramadhani, na Faki ameshatoa ahadi ya harusi kubwa mbele ya watu. Anakuja mwenye mashua usiku, anataja bei ya juu zaidi, ng'ambo. Mpaka hapo tuna shida na kishawishi tu. Sasa mpe bintiye mchumba ambaye ni askari wa KMKM, kikosi kinachozuia magendo. Sasa kila Faki anachokitaka kimesimama mbele ya chengine anachokitaka, na sikuhitaji kutaja neno umaskini.

Faki ni nani? Usiniambie ni mcha Mungu, mkali lakini mwenye huruma. Niambie anaswali safu ya kwanza, kisha jioni anapowapimia wachumaji, pishi yake huijaza kwa kilemba kinachomwagika, na kile kinachomwagika hakihesabu. Msomaji wa Pemba atamjua hapo hapo, na atajua kwamba mtu wa namna hiyo mashua ataifikiria, tena atatafuta njia ya kujiambia kuwa si dhambi. Mkewe, Bi Mize, aliona pishi ile miaka yote akanyamaza. Usiku huu je, atanyamaza? Hilo ndilo swali linalonifanya nigeuze ukurasa. Na akisema, aseme kwa Kipemba chake. Wanawake wa Konde katika hadithi zetu wanazungumza kama wasoma taarifa ya habari.

Mwisho ndipo wengi wanapoharibu. Mashua inazama kwa dhoruba, au Faki anaamka, kumbe ndoto. Dhoruba haikutokana na uamuzi wa mtu yeyote mle ndani, kwa hiyo inanikera hata ikiandikwa vizuri. Mimi ningemleta mchumba mchana, bila sare, aje kusaidia kufunga magunia, ahesabu na kuona moja limepungua. Asiulize kitu. Amwangalie Bi Mize. Kama mwandishi bado ana kurasa za kutuonyesha kesi, jela na talaka, basi ajue amekwisha anza riwaya.